Mwaka Tuliozima Redio

Daktari aliyemsomea Lugano majibu yake pale Mbeya ni kijana ambaye ningeweza kumfundisha, na nadhani nilimfundisha kaka yake. Alikuwa na adabu. Alivuta kiti akakaa karibu nasi badala ya kubaki ng'ambo ya meza yake, akasema kwamba uvimbe ulio kwenye titi la mdogo wangu una vipokezi vya ukuaji, tena vingi kupita kiasi, na kwamba vipokezi hivyo ndivyo vinavyopokea ujumbe wa kuuambia uvimbe uongezeke. Siku hizi, akasema, ipo dawa ya dripu inayokwenda kukaa juu ya vipokezi hivyo na kuvinyamazisha. Akatutazama kuona kama tumemwelewa. Lugano akanigeukia, nami nikamgeukia, na mbele ya kijana wa watu tukaanza kucheka, wanawake wazima wawili, mmoja ana kansa na mwingine ana miaka sitini na kitu na goti bovu. "Masikio," Lugano akasema. "Dada, si ni masikio yale yale?" Daktari alisubiri tumalize. Lugano akamuuliza kama uvimbe wake nao unasikiliza redio kama ule wa marehemu mama yake. Kijana hakuelewa swali, na sikumlaumu. Ilibidi nimsimulie kwa kifupi, na kwa sababu kwa kifupi haisimuliki, nimeamua kuiandika hapa kwa urefu wake.

Mwaka wa sabini na saba nilihamia Kihesa, Iringa, kwa mama mdogo, mama yake Lugano, nikaingia kidato cha tatu shule ya kutwa. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mmoja uliofanya kazi zote: hapo tulikula, hapo nilisomea, hapo mama mdogo alipiga pasi ya mkaa, na hapo, juu ya kabati la vyombo, ndipo redio ilipokaa. Ilikuwa redio kubwa ya betri yenye kitambaa cha kahawia kifuani, na ilifunikwa kitambaa cha kufuma kila ilipozimwa, jambo ambalo lilikuwa nadra. Baba mdogo alikuwa bwana shamba na aliinunua kwa ajili ya vipindi vya kilimo. Hakuwahi kuvisikia hata kimoja, maana saa hizo yeye yuko mashambani na mkewe yuko kwenye salamu. Mama mdogo alizipenda salamu za redioni kuliko chakula. Mtangazaji akisema salamu hizi zimfikie fulani wa Chunya, yeye mwenyewe hamjui huyo fulani wala hajawahi kufika Chunya, aliitikia kutoka jikoni kwa sauti kubwa: "Zimefika." Nikamuuliza kwa nini anaitikia salamu za watu. Akaniambia huenda mwenyewe betri zimemwishia, na si vizuri salamu ikose wa kuipokea.

Nilipofika, titi lake la kushoto lilikuwa limeshaondolewa. Hakunificha. Siku ya kwanza tu alinionyesha soksi ya baba mdogo iliyojazwa pamba, ndiyo aliyoiweka kwenye sidiria, akaniambia huyu anaitwa Mpangaji na hana shida ila kodi halipi. Ndivyo alivyokuwa, na kwa kuwa nilikuwa msichana mdogo nilidhani mtu anayetania hivyo amekwisha kupona. Tulikula kande, tukala viazi na maharage, jioni tukachoma mahindi kwenye jiko la mkaa mlangoni, naye akaimba juu ya sauti ya redio mpaka Lugano, aliyekuwa na miaka mitano, akamwomba anyamaze asikie wimbo. Nikiukumbuka ukumbi ule sasa, naukumbuka kwa sauti kwanza. Harufu ya pasi ya mkaa na mafuta ya kupaka huja baadaye.

Masika yalipokuwa yanakwisha aliniita chumbani, akashika kidole changu akakiweka juu ya mtulinga wake, upande ule ule wa titi lililoondoka. "Sikia hapo," alisema. Nikasikia kitu kigumu kama punje ya harage. Hatukutania siku ile. Juma lile lile tulipanda basi, yeye, baba mdogo, mimi na Lugano mgongoni kwangu, tukaenda hospitali ya misheni alikofanyiwa upasuaji wa kwanza. Daktari alikuwa Mhaya mrefu, mpole, mwenye mikono ya baridi, maana kila mgonjwa aliyemgusa alishtuka naye akaomba radhi. Nilipotaka kutoka nje na mtoto akasema kama ni msichana wa sekondari basi abaki, asikie, kesho atawaeleza wengine. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na mbili, na yote yalianzia kwenye ile ruhusa ya kubaki.

Alisema ugonjwa umerudi kwenye tezi, na kukata tena hapo hakutasaidia. Kisha akatafuta maneno. Leo tunalo neno vipokezi, limo vitabuni, wanafunzi wanalikariri. Wakati ule hakuna aliyekuwa amempa, akalitengeneza lake palepale. "Mama, uvimbe wa namna hii mara nyingi una masikio," alisema. "Mwilini mwako kuna redio. Ni ile mifuko ya mayai, ya kike. Kila siku redio ile inatangaza: kueni, kueni. Titi ndilo linalotakiwa kusikia. Sasa uvimbe nao unasikia." Akaeleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kuziba masikio, na ng'ambo wenzetu wameanza kupata vidonge vya kufanya hivyo, lakini yeye hana na hajui lini atapata. Ya pili ni kuzima redio, yaani kufungua tumbo na kuitoa ile mifuko. Mama mdogo akauliza kama baada ya hapo mtu anazaa. Daktari akasema hazai. Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, kwamba si kila uvimbe una masikio. Wapo wenye kupima jambo hilo kwa mashine, hapa hakuna, itabidi kuzima redio kwanza na kungoja kuona. Ila asichelewe.

Ukimya wa ndani ya basi wakati wa kurudi ulitokana na jambo moja ambalo wote watatu tulilijua. Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mimba mbili baada ya Lugano zilikuwa zimeharibika. Na kule Kalenga alikuwapo mama mkwe wake, Bibi, mjane, ambaye hakuwa na mwana mwingine aliye hai zaidi ya baba mdogo, na ambaye kila alipokuja aliuliza kuhusu mjukuu wa kiume wa kurithi jina la mumewe kabla hata ya kuvua viatu. Mama mdogo alikuwa Mnyakyusa aliyeolewa Uheheni, na ingawa Bibi hakuwahi kumtamkia neno baya, yeye mwenyewe alijiona yuko kwenye kipimo cha muda mrefu. Alihofu kwamba Bibi akisikia habari ya mifuko ya mayai atamtafutia mwanawe mke mwingine kabla kidonda hakijakauka. Kwa hiyo alisema operesheni ingoje mavuno yapite. Nilikuwa nachambua mchicha nyuma ya dirisha la jikoni siku mbili tatu baadaye nikawasikia wakibishana taratibu. Baba mdogo alitaka waende mapema, na alitaka mama yake aambiwe. Mke akamwambia, haya, mwambie wewe. Lakini kwao mwana wa kiume hazungumzi na mama yake mambo ya tumbo la mkewe, angekufa kwa haya. Mwishowe akasema, "Nitamweleza vile vile alivyosema daktari."

Na ndivyo alivyofanya, neno kwa neno. Bibi alifika Mei na jogoo kwenye kapu na kibuyu cha togwa, tukasalimiana kamwene, kamwene, nikaleta chai, na baba mdogo, akiangalia kikombe chake muda wote, akamweleza kwa Kihehe kwamba ugonjwa wa mkewe umerudi, uvimbe una masikio, na daktari ameagiza redio izimwe. Basi. Hapo ndipo alipoishia. Bibi aliguna, akamaliza chai, akainuka, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akafungua mgongo wa redio na kutoa betri zote. Akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Baba mdogo alirudi kuangalia kikombe chake. Mama mdogo alikuwa mlangoni na ndoo, aliona yote, akaiweka ndoo chini. Wangemsahihisha vipi? Kumsahihisha kulikuwa ni kumwambia.

Zikafuata wiki za ajabu kuliko zote nilizowahi kuishi. Bibi alikuwa mwanamke mwenye bidii, na akiagizwa jambo na daktari hulitimiza na kulizidisha. Kama uvimbe una masikio, alisema, basi hatuwezi kuupa maneno. Akapiga marufuku kuutaja. Akapiga marufuku kusema chakula ni kitamu mbele ya mgonjwa, uvimbe usije ukapata hamu. Majirani wa Kihesa waliokuja kumwona mgonjwa waliambiwa mlangoni kwamba ndani hakusemwi kitu chochote kinachokua: si mahindi, si watoto, si nyumba inayojengwa. Wakaketi ukumbini wakikunja na kukunjua khanga zao, wakanywa chai, wakaaga kwa ishara. Tulikula tukisikia vijiko. Lugano alijifunza kunong'ona vizuri sana, na mpaka leo akiwa na hasira hapandishi sauti, anaishusha, jambo ambalo ni baya zaidi. Mara moja nilimkuta mama mdogo amesimama mbele ya redio ile iliyokufa akipangusa vumbi, midomo ikicheza bila sauti, nikajua anaimba. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikuwa namkasirikia. Alikuwa anaacha ile punje ya harage ikue ili asiseme sentensi moja. Ilikuwa imeshafika ukubwa wa jiwe la bao, na shingo alikuwa akiigeuza kwa taabu.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Asubuhi moja ya baridi ya Juni, ile baridi ya Iringa inayomfanya mtu achukie maji, alimgusa mkwewe shingoni wakati anamfunga kitenge, akasita. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba kesho wanakwenda kwa huyo daktari, yeye mwenyewe atakwenda, ana jambo la kumuuliza. Baba mdogo aligundua kwamba ana mkutano wa wakulima wa tumbaku mbali sana. Nikaenda mimi.

Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha lililoangalia bustani ya kabichi, kitanda chenye shuka lililotiwa viraka, na stuli mbili. Bibi hakukaa. Alifungua pindo la khanga na kuziweka zile betri mezani kwa daktari, moja baada ya nyingine. "Daktari, redio nimezima," alisema. "Betri hizi hapa, mimi mwenyewe nilitoa. Nyumba nzima kimya, hata jogoo nilichinja. Mbona kitu inakua?"

Daktari alizitazama betri, akamtazama Bibi. "Redio gani, mama?"

Mama mdogo alianza kucheka. Alicheka ameshika pale kwenye Mpangaji, akacheka mpaka akainama, na alipoinua uso tukaona analia, na alikuwa anafanya yote mawili bila kuweza kuacha hata moja. Nililia na mimi, sioni haya kusema. Kisha akamgeukia mkwewe na kuweka kiganja chini ya kitovu.

"Mama, redio ni hii hapa," alisema. "Ni mifuko ya uzazi. Daktari anataka kuitoa. Ikitolewa mimi sizai tena. Mwanao aliona haya kukuambia, na mimi niliogopa."

Bibi alizitazama betri zake. Mikono yake ilikuwa bado juu ya meza. Nilikuwa tayari kwa lolote, nimeshajiandaa hata kumjibu, mtoto wa shule, jambo ambalo lingeniletea balaa. Akamuuliza daktari kama hiyo redio ya tumboni ikizimwa kitu kitapungua. Daktari akasema huenda, akaeleza tena habari ya uvimbe wenye masikio na usio nayo, kwamba hakuna anayejua wa mkwewe ni upi. Bibi akasikiliza yote. Kisha akazikusanya betri zake, akazifunga tena kwenye pindo, na kwanza akazungumza na pindo lile, bila kumtazama mtu.

"Mjukuu wa kiume nilitaka, ndiyo. Sikatai, kila mtu anajua. Lakini mimi sikuomba Mungu anipe mjukuu hana mama." Akamtazama daktari. "Zima."

Walimlaza palepale. Upasuaji ulikuwa asubuhi iliyofuata, na Bibi alikaa kwenye benchi la nje akitafuna mahindi ya kuchemsha, akinisimulia mimba zake mwenyewe, ngapi zilisimama na ngapi hazikusimama, mambo ambayo nina hakika hakuwahi kumwambia mtu wa rika langu. Baba mdogo aliporudi kutoka kwenye tumbaku zake alikaribishwa na mama yake kwa hotuba ya Kihehe ambayo sikuielewa hata neno na niliifurahia yote. Nyumbani Kihesa, kabla hata mgonjwa hajarudi, Bibi alizianika betri juani kwenye bati la jiko, maana zilikuwa zimepoa kwa kukaa bure, akazigeuzageuza mchana kutwa kama anakausha dagaa, na jioni akazirudisha mahali pake. Zilitoa sauti ndogo yenye mikwaruzo. Alikaa mbele yake amekunja mikono, akisubiri kuona hasa watu wanapenda nini humo.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko operesheni. Mama mdogo alipatwa na joto la ghafla, katikati ya ile baridi ya Julai anatupa blanketi na kufungua dirisha, sisi wengine tunatetemeka. Daktari alikuwa ametuonya kwamba redio ikizimwa mwili huhangaika hivyo. Bibi alilichukua kuwa dalili njema na alikuwa akitangaza kwa majirani, kwa fahari, kwamba mkwe wake anatoa jasho. Nyumba ikarudia kelele zake. Tulizungumza mahindi, watoto, nyumba zinazojengwa. Kila Jumapili baada ya ibada mama mdogo alininyooshea shingo, nikagusa, nikasema bado. Nilijifunza kusema bado kwa sauti ya kawaida. Septemba nilidhani kimelegea, sikusema, nikaogopa kumpa tumaini la bure. Oktoba alianza kugeuza shingo bila kujua kwamba anaigeuza, aliitwa na mtu nyuma akageuka tu, na mimi nikaacha sahani nilizokuwa nasuuza nikaenda kulia kwenye bafu.

Mafyulisi yalipoiva Bibi alikuja na kapu zima kutoka Kalenga. Tulikaa mlangoni tunakula, maji ya matunda yakitiririka mpaka kwenye viwiko, redio iko nyuma yetu kwenye salamu zake. Mama mdogo alijifuta mkono, akachukua mkono wa mama mkwe wake na kuuweka juu ya mtulinga.

"Sikia, mama."

Bibi alibonyeza. Alibonyeza juu, akabonyeza chini, akapitisha kidole gumba kwenye mfupa wote mpaka begani kwa uangalifu wa mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Redioni mtangazaji alikuwa akimtafuta mtu wa mbali.

"Sisikii kitu," alisema Bibi.

Mama mdogo aliishi. Ugonjwa ulipokuja kurudi, miaka mingi baadaye, vile vidonge vya kuziba masikio vilikuwa vimefika hata kwetu, akavimeza, akapata miaka mingine, akamwona Lugano akivaa shela na akambeba mtoto wa Lugano. Mjukuu huyo ni wa kiume, kama Bibi angependa kujua. Darasani sikuwahi kufundisha seli bila kusema ina masikio. Mkaguzi mmoja alinilalamikia kwamba si lugha ya kitaalamu, nikamwambia alete ya kwake.

Kijana yule wa Mbeya alinisikiliza mpaka mwisho, wagonjwa wengine wakiwa nje. Akasema uvimbe wa Lugano hausikilizi redio ile ya mama yake, una masikio ya namna nyingine, yanayosikia ujumbe mwingine wa kukua. Na siku hizi hakuna haja ya kungoja miezi ili kujua kama yapo, yanaonekana maabara kabla ya kuanza. Nikampenda kwa kutumia neno letu. Dripu ya kwanza nilikuwepo, na ya pili, na juzi ya nne. Nimehamia kwake kwa muda, napika redio ikisema dirishani, naye analalamika kwamba chumvi nyingi. Asubuhi baada ya dripu ya nne alikuja jikoni na gauni la kulalia, hana nywele, ananong'ona, kwa hiyo nikajua ana jambo. Alichukua mkono wangu, una unga, akauweka pembeni ya titi, pale ambapo mwezi wa kwanza niligusa kitu kama ndimu.

"Sikia, Dada."

Nilitafuta. Sikuharakisha, maana mambo haya hayadanganywi. Kipo bado, nyuma kabisa, kidogo kama punje ya njegere, na ilibidi nikitafute mara mbili ndipo nikipate.

"Nasikia kidogo," nikamwambia. "Kidogo sana."

Lugano akaenda kuongeza sauti ya redio.